UNGUJA NA NCHI ZA ASIA: UTAFITI WA WATAALAMU WATUFUNDISHA NINI?

Ni nadra kumpata mtoto aliyelelewa Unguja ambaye hajapata kuulizwa, "Nyinyi asili yenu wapi?" Mmoja hujibu Shirazi, mwingine Hadhramaut, mwingine Maskati, mwingine Bara Hindi, mwingine Ngazija, na mwingine husema kwa fahari kuwa wazee wake ni wa Makunduchi tangu na tangu. Swali lenyewe si baya. Kuujua ukoo ni katika kuunga udugu, na dini yetu yatuhimiza tuwajue jamaa zetu ili tuwatendee wema. Lakini swali hilo hilo limepata kuulizwa kwa nia nyingine, nia ya kupima nani mwenyeji na nani mgeni, nani mstaarabu na nani mshenzi. Na kisiwa chetu kimelipa thamani kubwa kwa majibu yaliyotolewa bila ya elimu.

Katika miaka ya karibuni wataalamu wa historia, wachimbaji wa magofu na wasomaji wa nyaraka za kale wamefanya kazi kubwa juu ya uhusiano wa pwani yetu na nchi za Asia, yaani Arabuni, Uajemi, Bara Hindi, hata Uchina. Vitabu vyao vingi vimeandikwa kwa lugha za kigeni na bei yake ni kubwa, kwa hiyo habari zilizomo hazifiki majumbani. Tumeona yafaa tuzieleze hapa kwa ufupi, ili wazazi na vijana wajue yaliyothibitishwa, kisha wajue nini kiwapasacho kukifanya.

Ushahidi wa ardhini

Tuanze na Unguja Ukuu, kijiji kilichoko kusini ya kisiwa, kando ya Ghuba ya Menai. Mtu apitaye huko leo huona minazi, mashamba na vyombo vya wavuvi. Lakini chini ya udongo wake umelala mji uliokuwa ukifanya biashara tangu karne ya 7 hivi, zaidi ya miaka elfu kabla ya Mji Mkongwe kujengwa kama tuujuavyo. Dk. Abdurahman Juma, ambaye ni Mzanzibari, alichimba mahali hapo, na kitabu chake kikatolewa na Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, mwaka 2004. Baada yake walikuja wataalamu wa Chuo Kikuu cha Oxford wakiongozwa na Bibi Nicole Boivin.

Waliyoyapata si haba. Kulikuwa na vigae vya mitungi ya rangi ya samawati iliyotoka nchi za Ghuba ya Uajemi, vigae vya vyombo vya Uchina, na shanga za kioo kutoka upande wa Bara Hindi. Na kabla ya hao wote, katika karne ya 19, ilikwisha kuonekana hapo akiba ya dinari za dhahabu, na moja yake ni ya zama za Khalifa Harun al-Rashid. Hapana shaka basi kwamba watu wa Unguja walikuwa wakijuana na watu wa Baghdad na Siraf, wakati ambapo mataifa mengi ya Ulaya hayakujua kuwa kisiwa hiki kipo.

Lakini yatupasa tuusome ushahidi wote, wala tusiokote kile tu tukipendacho. Vigae vya kigeni vilivyopatikana ni vichache mno vikilinganishwa na vya vyungu vilivyofinyangwa papa hapa Afrika, na vyungu vya namna hiyo vimeonekana toka upande wa Lamu mpaka Msumbiji, na hata mbali na pwani. Na nafaka je? Mwaka 2016 Bibi Alison Crowther na wenzake walitangaza matokeo ya kuchunguza punje zilizoungua katika majiko ya kale ya pwani na visiwa. Waliona kuwa huku kwetu chakula kikubwa kilikuwa mtama na uwele, mazao ya Afrika; mpunga ulikuwako, lakini kidogo. Mazao ya Asia, kama mpunga na choroko, yalizidi katika visiwa vya Ngazija na Bukini, ambako walifika mabaharia kutoka visiwa vya mbali vya Asia ya kusini-mashariki. Kwa hiyo Unguja Ukuu ulikuwa mji wa Waafrika wa pwani ambao mlango wao ulikuwa wazi kwa bahari. Haukuwa kambi ya wageni, wala haukuwa kijiji kilichojifungia.

Jiwe la Kizimkazi

Uislamu nao uliingia kwa njia hiyo hiyo ya bahari, lakini kuuweka imara kulikuwa kazi ya wenyeji. Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate karibu na Lamu, Profesa Mark Horton alichimba katika miaka ya 1980 akakuta msikiti juu ya msikiti. Chini kabisa palikuwa na misikiti midogo ya nguzo za miti, ya karne ya 8, na juu yake ikafuata ile ya mawe. Haya si mambo ya jeshi kuja na kuteka nchi. Ni mambo ya watu wachache waliosilimu, wakajenga kwa kadiri ya uwezo wao, na watoto wao wakaongeza.

Hapa Unguja tunao ushahidi ambao mtu aweza kwenda kuuona kwa macho yake. Katika msikiti wa Kizimkazi Dimbani, kwenye mihirabu, yamechongwa maandishi ya Kikufi yanayosema kuwa Sheikh Abu Imran Musa bin al-Hasan bin Muhammad aliamuru msikiti ujengwe mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107 kwa tarehe ya Kizungu. Maandishi hayo yalisomwa na kuelezwa na Samuel Flury mwaka 1922, na wataalamu waliomfuata wameona kuwa uchongaji wake wafanana na ule wa Siraf, bandari ya kale ya Uajemi. Lakini jiwe lenyewe ni la matumbawe, na matumbawe hayakuletwa na jahazi. Yametoka katika bahari yetu. Mtindo umetoka ng'ambo, jiwe ni la hapa.

Liko na jambo jingine la kuzingatia. Msikiti wa kwanza ulichakaa, na jengo tulionalo leo sehemu yake kubwa ni la karne ya 18. Wale mafundi waliojenga upya wangaliweza kulivunja jiwe lile la kale na kulitia katika msingi. Hawakufanya hivyo. Walilihifadhi mahali pake, na kwa sababu ya adabu yao hiyo sisi leo twajua jina la Sheikh Abu Imran.

Habari iliyomo mifupani

Kwa muda mrefu wasomi walibishana juu ya Washirazi. Tarikh ya Kilwa yasimulia habari za sultani na wanawe waliosafiri kutoka Shirazi. Wasomi wa wakati wa ukoloni waliipokea habari hiyo wakadai kuwa miji yote ya pwani ilijengwa na wageni. Wengine waliowafuata waliikataa kabisa, wakasema kuwa Ushirazi ni ngano ya watu waliotaka kujitukuza.

Mwezi wa Machi 2023 jarida la kisayansi liitwalo Nature lilichapisha utafiti mkubwa juu ya jambo hilo. Miongoni mwa walioufanya ni Profesa Chapurukha Kusimba, mzaliwa wa Kenya, na Profesa David Reich wa Chuo Kikuu cha Harvard. Walichunguza chembe za urithi, zile ambazo mtoto huzirithi kwa baba na mama, katika mabaki ya watu 80 waliozikwa zamani, wengi wao katika miji ya pwani kama Mtwapa, Manda, Faza, Kilwa na Songo Mnara. Huko Mtwapa Profesa Kusimba alikaa na wenyeji miaka mingi, na kazi ikafanywa kwa kupatana nao. Jambo ambalo ni la lazima, kwani heshima ya maiti wa Kiislamu haiishi kwa kupita miaka.

Matokeo yake ni haya. Kwa wengi wa watu wa miji hiyo, zaidi ya nusu ya urithi wao ulitoka Afrika, na ulitoka hasa kwa wanawake. Sehemu kubwa ya iliyobaki ilitoka Asia. Na katika hiyo ya Asia, asilimia 80 mpaka 90 ilitoka kwa wanaume wa Kiajemi, na iliyosalia kwa watu wa Bara Hindi. Kuchanganyika huku kulianza kiasi cha mwaka 1000. Baada ya mwaka 1500 hivi damu ya Arabuni ikazidi kuingia.

Basi wazee waliosimulia habari za Shirazi hawakusema uwongo, na wale walioshikilia kuwa Waswahili ni Waafrika hawakusema uwongo pia. Baba alikuja na jahazi, mama alikuwa mwenye nyumba. Na kwa kuwa mtoto hujifunza kusema kwa mama yake, lugha ikabaki ya Kibantu katika ngeli zake na vitenzi vyake, ijapokuwa ilipokea maneno mengi ya kigeni. Nahodha, bandari na dirisha asili yake ni Kiajemi. Gari na laki tumeyapata kwa Wahindi. Na ya Kiarabu hayahesabiki.

Yafaa tuseme pia mipaka ya utafiti huu. Wengi wa waliochunguzwa walizikwa katika makaburi ya watu wenye cheo, karibu na misikiti, na katika miji hiyo Unguja haimo. Hatuwezi basi kuchukua hesabu hizo tukampimia jirani yetu wa leo. Mtafiti asema aliloliona, na msomaji mwadilifu haliongezi.

Nyaraka za deni na barua za wanavyuoni

Kutoka mifupani twende kwenye karatasi, ambazo ndizo zinazogusa majumba yetu zaidi. Katika Nyaraka za Taifa, Kilimani, zimo hati nyingi za karne ya 19 zilizoandikwa kwa Kiarabu: hati za kukopa, kuuza, kuweka rahani na kurithi. Fahad Bishara, mwanahistoria kutoka Kuwait, amezitumia hati za namna hiyo katika kitabu alichokitoa mwaka 2017 juu ya deni na sheria katika Bahari ya Hindi.

Aonyesha kwamba mwenye shamba la mikarafuu aliyetaka fedha alimwendea tajiri, mara nyingi Mhindi, Mwislamu au Banyani. Na kwa kuwa riba ni haramu, ilitumika njia iitwayo bei ya khiyari. Mwenye shamba huuza shamba lake, naye huwekewa haki ya kulikomboa kwa bei ile ile baada ya muda uliowekwa. Na wakati huo huo hukaa humo humo akilipa kodi. Wanavyuoni na makadhi walijadiliana sana. Je, hii ni biashara ya halali, au ni riba iliyovishwa nguo ya biashara? Waislamu wa leo wenye kuuliza juu ya mikopo na benki wangefaidika kujua kuwa babu zao wa Unguja walikwisha kulijadili swali hilo kwa elimu pana.

Lakini karatasi hizo hazikuandika sifa zetu tu. Mikarafuu ile ililimwa kwa mikono ya watumwa, na katika hati za namna hiyo majina yao yametajwa pamoja na mashamba na mali. Hati nyingine ni za kuwaacha huru. Mwenye kutaka kuijua historia kwa ukweli hana budi kuzisoma zote, za fahari na za aibu, kwani na hao waliotajwa humo kuwa ni mali ni katika wazee wa watu wa kisiwa hiki.

Elimu nayo ilisafiri kwa majahazi yale yale. Bibi Anne Bang wa Norway aliandika mwaka 2003 juu ya masharifu na wanavyuoni wa baharini, na aliyemfuatia zaidi ni Sayyid Ahmad bin Sumayt, aliyezaliwa Ngazija mwaka 1861 katika ukoo wa Hadhramaut, akawa kadhi hapa Unguja, na akafariki mwaka 1925. Alisoma kwa mashekhe wa Hadhramaut, akafika mpaka Istanbul. Nao Sayyid Barghash, kwa upande wake, alileta mtambo wa kupiga chapa, na toka kiasi cha mwaka 1880 vitabu vya fikihi ya Kiibadhi vikachapwa hapa Unguja. Mji wetu basi haukuwa ukipokea elimu tu. Nao ulikuwa ukitoa.

Na habari za wanavyuoni hao zingalipotea nyingi, lau si kalamu ya Sheikh Abdulla Saleh Farsy, aliyezaliwa Unguja mwaka 1912 na kufariki Maskati mwaka 1982. Yeye aliandika kwa Kiswahili kitabu juu ya wanavyuoni wa Kishafi wa Afrika ya Mashariki, na kitabu hicho kikatafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 1989. Wasomi wa vyuo vikubwa wakaja kukitegemea kitabu cha shekhe wetu.

Maneno yaliyogeuka mawe

Huenda msomaji akauliza, mambo haya ya vigae na hati yatatusaidia nini? Jibu lake limo katika kitabu cha Jonathon Glassman kilichotoka mwaka 2011. Yeye alisoma magazeti ya Unguja ya zama za siasa, akaeleza jinsi mabishano ya wasomi juu ya ustaarabu na asili yalivyotoka barazani yakaingia katika mikutano, kisha mitaani. Wa upande huu walidai kuwa ustaarabu wote umeletwa na Waarabu na Waajemi. Wa upande wa pili walijibu kuwa mwenye damu ya ng'ambo hana haki katika nchi. Pande zote mbili zilishika nusu ya ukweli zikaifanya ukweli mzima. Mwezi wa Juni 1961, baada ya uchaguzi, watu 68 waliuawa katika ghasia. Na katika Mapinduzi ya Januari 1964 waliouawa walikuwa wengi zaidi. Majirani waliosali safu moja walitazamana kama maadui.

Hatusemi kuwa historia peke yake ndiyo iliyoleta maafa hayo. Palikuwa na ardhi, kazi, umasikini na madaraka. Lakini historia iliyopotolewa ilitumiwa kama kuni za moto. Qurani Tukufu, katika Surat al-Hujurat, yatufundisha kuwa tumefanywa mataifa na makabila ili tujuane, na kwamba aliye mbora mbele ya Mungu ni yule mwenye kumcha zaidi. Utafiti tulioueleza wathibitisha kwa vigae na mifupa kuwa wazee wetu walijuana hasa, hata wakaoana. Ajivunaye damu ya baba amdharau mama yake mwenyewe, na amkanaye baba aivunja nyumba aliyozaliwa.

Yatupasayo majumbani

Kila tulilolitaja hapa limejulikana kwa sababu mtu mmoja alihifadhi kitu. Nakala ya Kiarabu ya Tarikh ya Kilwa inayojulikana na wasomi ilitoka hapa Unguja kwa Sayyid Barghash, ikafika London kwa mkono wa John Kirk. Lau isingalitunzwa, mabishano yetu yangalikosa hata pa kuanzia. Na tumeona jinsi vitu vinavyotoweka. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883, iliporomoka na watu wawili wakafa. Ikiwa jumba la kifalme laweza kuanguka mchana, itakuwaje kasha la nyanya lililoko chini ya kitanda, penye mchwa na unyevu?

Twawaomba basi wazazi wafanye mambo haya. Kwanza, msichome wala msizike karatasi za kale zenye herufi za Kiarabu kabla hazijasomwa na mwenye kujua. Wengi huziondosha kwa kuheshimu majina matukufu yaliyomo, na nia hiyo ni njema; lakini huenda ni waraka wa shamba, barua ya babu kutoka Bombay, au utenzi wa bibi ambao hauna nakala nyingine. Pili, ziwekeni mahali pakavu penye hewa, ndani ya bahasha safi, wala msizigandishe kwa gundi au plastiki. Tatu, zipigeni picha, kisha mtake shauri kwa wenye kazi hiyo Kilimani. Huko Lamu vitabu vya mkono vya Msikiti wa Riyadha vilipigwa picha kwa msaada wa British Library, na vitabu vyenyewe vikabaki Lamu kwa wenyewe. Kuonyesha basi si kunyang'anywa.

Nanyi vijana, jifunzeni kukisoma Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Mwenye kuijua Qurani tayari ana nusu ya elimu hiyo. Kaeni na wazee, mwandike wanayoyasema, pamoja na tarehe na jina la msimulizi. Na mwandike ya upande wa mama kama mwandikavyo ya upande wa baba. Si haki mjukuu wa Kizimkazi afunzwe habari za kijiji chake na mgeni wa Oxford, ilhali ufunguo wa kasha uko nyumbani kwao.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa katika wenye kuhifadhi amana, na atuepushe na fahari ya ujinga. Amin.